Salamu Zangu kwa Kinu cha Nyuklia

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Siku mbaya! Sherehe ya Aimé ya kupata uraia, hapa hapa Doonside. Nimekaa mbele, tai nyekundu, koo nimelilainisha kwa tangawizi tangu asubuhi. Aimé akainuka, akatangaza kwamba mshereheshaji wa leo ni Muriuki.

Muriuki! Mkenya wa Penrith, mhasibu, mwenye maiki yake binafsi inayolala ndani ya sanduku lenye sponji. Mimi ndiye mshereheshaji wa Wakongo wa upande huu wa Sydney tangu tulipofika. Nimefungua harusi, nimefunga matanga. Kila mtu namtaja kwa jina na cheo, hata aliyeleta viti. Hiyo ndiyo itifaki. Muriuki alishika maiki, akasema "itifaki imezingatiwa", akaendelea na ratiba. Imezingatiwa na nani? Lini? Mama mkwe wa Aimé alisafiri kwa basi usiku kucha kutoka Melbourne, asitajwe? Watu wakapiga makofi. Chakula kikaliwa kikiwa bado moto. Aibu tupu.

Jambo jingine. Jana Cécile aliahirishiwa skani ya shingo. Ana uvimbe hapa mbele, kwenye tezi, nao unakua tangu Pasaka. Hospitali walisema dawa anayodungwa mtu kabla ya kupigwa picha haijafika. Kutoka wapi? Hawakusema. Mke wangu sasa anavaa skafu hata jikoni. Namwambia ni uvimbe tu, utapita. Ukweli ni kwamba naogopa.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwagiza Bénie atafute kwenye simu ile dawa inatoka wapi. Bénie ni binti yetu, yuko kidato cha nne, anaelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza. Akatafuta. Akasema inatengenezwa kwenye kinu cha nyuklia. Nikauliza kiko nchi gani. Akasema kiko Sydney, Papa, upande wa kusini, like, one hour from here.

Nyuklia! Mjini kwetu! Mimi nilidhani nyuklia ni mambo ya marais. Kumbe miaka yote hii naendesha foklifti ghalani, nanunua mihogo Bankstown, na upande wa pili wa jiji kuna kinu kinapika dawa ya shingo ya mke wangu. Kinapikaje? Nani anakikoroga? Je, kuna mtu analala mle?

Bénie akaendelea kusoma. Leseni ya kinu inakaribia kuisha. Kabla ya kuiongeza au kuikataa, wakubwa watafanya vikao vya wazi, na mwananchi yeyote anaweza kujiandikisha akazungumza. Kuna jukwaa. Kuna maiki. Kikao cha kwanza ni Bankstown.

Moyo ukaruka. Muriuki na sherehe zake za uraia! Mimi nitazungumza mbele ya wahandisi!

Cécile alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Akasema kama kweli nitakwenda, basi nimuulizie jambo moja: leseni ikikataliwa, dawa yake itatoka wapi? Hilo tu, Papa Bénie, akasema, usiongeze kitu. Nikamwahidi. Nani anashindwa kuuliza swali moja?

Jumatano, 6 Agosti

Nimejiandikisha. Mpango wa kijanja. Kuna orodha ya wanaounga mkono leseni, ya wanaoipinga, na ya ambao hawajaamua. Nikagundua ya wanaopinga ni fupi, kwa hiyo wao wataitwa mapema, ukumbi ukiwa bado umejaa. Nikajiandikisha huko. Nikampa Cécile habari njema. Akaweka mwiko chini. Akauliza kama napinga dawa yake.

Nikapiga simu, nikahamia kwa wanaounga mkono. Mama wa simuni akasema orodha hiyo ni ndefu, labda nitaitwa wakati wa kukunja viti. Nikapiga tena. Akaitambua sauti yangu kabla sijajitambulisha, jambo ambalo nilichukua kama heshima. Akaniweka kwa wasioamua.

Na kusema kweli sijaamua. Nimesoma kidogo usiku wa jana na kila nilichosoma kimezaa maswali. Wengine wanasema kinu kinaokoa watu kila siku. Wengine wanasema uchafu wake unabaki hatari hata wajukuu wa wajukuu wameshasahau nani aliuacha. Nikisoma hawa, naona wana haki. Nikisoma wale, naona wana haki. Mtu anawezaje kulala na ubishi wa namna hii?

Habari mbaya mwishoni: Muriuki naye kajiandikisha! Atazungumza kwa niaba ya chama chetu cha Waswahili. Alijuaje? Bénie alimwambia binti yake. Nyumbani kwangu kuna wasaliti.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda kukiona! Leo walifungua milango kwa wageni. Treni, tena treni, kisha basi kupita kwenye msitu wa mikaratusi. Langoni walichukua simu yangu, wakanivisha kidude cha kupima mionzi. Nikajiona mtu mkubwa.

Mwongozaji wetu alikuwa dada mmoja mwenye subira. Subira yake niliipima vizuri. Nilianza kwa kumwomba wakazi wa Doonside wapunguziwe bei ya umeme wa hita, maana baridi ya mwaka huu imezidi. Akasema kinu hiki hakitoi umeme hata wa balbu moja. Ni cha dawa na utafiti. Nusu ya hotuba yangu ikafa pale pale.

Kisha tukasimama kwenye dirisha, tukatazama chini. Maji. Kina kirefu cha maji, na huko chini yanawaka bluu. Yametulia tuli. Nikauliza nani ameweka taa. Hakuna taa, akasema. Vipande vidogo mno vinatoka kwenye kinu vikikimbia ndani ya maji kuliko mwanga wenyewe unavyokimbia humo, na bluu hiyo ndiyo alama yake. Nikamwomba arudie. Akarudia. Kitu kinachoupita mwanga! Nilibandika paji la uso kwenye kioo mpaka watu wa nyuma wakaanza kuguna. Kwa muda wote ule sikumkumbuka Muriuki.

Nikauliza kwa nini dawa haikufika. Akasema kinu kilisimamishwa kwa matengenezo, na dawa ya namna hii haiwekwi akiba. Leo ina nguvu, baada ya siku chache imechoka, baada ya wiki kadhaa ni kama maji. Dawa inayozeeka njiani! Sijawahi kusikia. Nikauliza uchafu unakwenda wapi. Akasema kwa sasa unatunzwa, na mahali pa kudumu panaendelea kujadiliwa. Nikauliza mjadala huo umeanza lini. Akacheka, akasema kikundi kinachofuata kimeshafika.

Nimerudi na maswali mengi kuliko niliyokwenda nayo. Cécile akanikumbusha kwamba la kwake ni moja.

Jumanne, 12 Agosti

Mpango wa pili, na huu sijivunii. Kwa kweli najivunia kidogo. Nimempigia Muriuki kama ndugu, nikamwambia kikao kimehamishiwa Penrith. Kule kule kwake! Atavaa suti atembee kwa miguu, afike kwenye ukumbi uliofungwa.

Muriuki akanishukuru sana. Akasema basi itakuwa rahisi, maana Jumamosi treni za laini yetu hazitembei, wanakarabati reli, wameweka mabasi, na Mama Bénie hawezi kusukumwa kwenye mabasi akiwa na hali ile. Atakuja Doonside kutuchukua kwa gari lake. Mzee Wilondja, akasema, wewe usijali kitu.

Alijuaje hali ya Cécile? Alimwuliza siku ya sherehe ya Aimé. Mimi siku ile nilikuwa nimenuna, sikuona.

Jumatano, 13 Agosti

Sasa Muriuki atatupeleka Penrith. Cécile atakuwa ndani ya gari. Nimefikiri siku nzima ghalani, nikagonga rafu mara mbili.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya friji. Wamesema kila mtu ana dakika tatu na mkalimani atakuwepo. Nimeamua kutumia Kiswahili, kwa sababu salamu zinakaa vizuri zaidi. Bénie akaniomba nianze na swali. Nikamweleza kwamba mtu mwenye adabu haingii nyumba ya watu akiuliza bei ya sofa. Akasema "Oh my God, Papa", akafunga mlango wa chumba chake.

Jumamosi, 16 Agosti

Nitaandika yote, ingawa mkono mzito.

Muriuki alifika mapema na thermosi ya chai. Tulipoingia barabara kuu nikasema, kana kwamba nimekumbuka tu, kwamba nimepata ujumbe, kikao kimerudishwa Bankstown. Muriuki akasema anajua. Alikuwa ametazama tangazo la kikao kwenye simu tangu Jumanne, linasema Bankstown. Cécile alinitazama kwenye kioo cha dereva kwa muda mrefu sana.

Ukumbi ulijaa! Wenye mabango ya njano upande mmoja, wenye makoti meupe upande wa pili. Mwenyekiti alikuwa mama wa nywele fupi nyeupe. Kabla ya chochote akawatambua wenyeji wa asili wa ardhi ile, na wazee wao waliotangulia na waliopo. Nilikaribia kusimama. Watu hawa wana itifaki! Wanajua kwamba mtu haanzi hivi hivi. Nikamgusa Muriuki kiwiko, aone.

Wakaanza kuitwa. Daktari mmoja alieleza kuhusu wagonjwa wa moyo na wa saratani wanaoingojea dawa ile kila wiki. Nikakubaliana naye kabisa. Mzee mmoja wa mabango, aliyeishi karibu na kinu tangu utoto, akauliza uchafu utatunzwa wapi na nani ataulipia ulinzi sisi tukishakufa. Nikakubaliana naye kabisa. Msichana wa chuo kikuu akasema kinu kinasomesha wanasayansi wetu. Kweli! Mwingine akasema kuongeza leseni bila kujibu maswali ya zamani ni kuyaahirisha tu. Kweli vilevile! Shingo ilinichoka kwa kutikisa kichwa pande zote.

Kisha jina langu. Wilondja, hajaamua.

Nilitembea polepole, inavyofaa. Bizimana, Mrundi wa Blacktown, ndiye aliyekuwa mkalimani. Mtu makini sana. Hata nilipokohoa alisita, akifikiria atafsiri vipi. Kulikuwa na taa ndogo ya kijani mezani. Nikaelewa maiki inafanya kazi.

Nikaanza na wenyeji wa ardhi na wazee wao, maana mwenyekiti ametuonyesha njia. Nikamshukuru mwenyekiti na familia yake. Nikawatambua wajumbe, kila mmoja kwa kibao cha jina lake, na majina mawili yalikuwa magumu, nikayarudia hadi yakakaa sawa. Wahandisi. Madaktari na wauguzi. Wenye mabango, nikawapongeza kwa mwandiko mzuri. Mlinzi wa mlango. Mama wa chai. Kina mama wenye watoto wachanga, nao wachanga wenyewe, kwa kuwa leseni hii itawahusu wao zaidi. Hilo lilinijia pale pale, na nadhani lilikuwa zuri. Taa ikageuka njano. Nikadhani ndiyo heshima ya kati. Nikapandisha sauti. Taa ikawa nyekundu, nikajua sasa narekodiwa, nikanyoosha tai.

Maiki ikafa.

Nilikuwa bado sijamfikia mgeni rasmi! Mwenyekiti akanishukuru kwa salamu zangu za upendo, akasema muda wangu umekwisha. Nikamwambia Bizimana awaeleze kwamba sasa ndipo naanza. Akawaeleza. Ukumbi wote ukacheka, makoti na mabango pamoja, labda ndilo jambo la kwanza walilofanya pamoja siku hiyo. Nikageuka kurudi kitini. Cécile alikuwa ameinamisha kichwa, anashika ncha za skafu yake.

Swali. Sikuuliza swali.

Nimewahi kuangusha keki ya harusi. Nimewahi kumtaja marehemu kwa jina la ndugu yake aliye hai, naye ameketi mstari wa mbele. Lakini sijawahi kurudi kitini bila kusema lile nililotumwa.

Wakamwita Muriuki. Akafika mbele, akasema itifaki imezingatiwa, hasa leo. Watu wakacheka tena, sikuelewa kwa nini. Kisha akaomba ruhusa ya mwenyekiti. Akasema yeye hana jambo kubwa kuliko la mama aliyeketi pale, na dakika zake anampa.

Cécile akasimama. Nilimwashiria kwa mkono aanze japo na mwenyekiti. Hakunitazama. Hakumsalimu mtu. Hata mmoja! Alivua skafu, mbele ya ukumbi mzima wa Bankstown, uvimbe wake ukaonekana na kila mtu. Akasema:

"Mukifunga hii kinu, dawa yangu itatoka wapi? Na mukiiacha, ule uchafu wake utabakia kwa nani? Miye niko na mtoto."

Bizimana akatafsiri. Taa ilikuwa bado kijani.

Hakuna aliyecheka. Mhandisi mmoja akainuka, akasema dawa inaweza kuletwa kwa ndege kutoka nchi za nje, lakini inachoka njiani, na wengine watakosa kama yeye alivyokosa. Yule mzee wa mabango akainuka bila kuitwa. Alimwambia Cécile, akimtazama yeye peke yake, kwamba hapingi dawa yake hata kidogo, anataka tu swali la pili lijibiwe. Mwenyekiti akauliza nani atalijibu. Wahandisi wakatazamana. Mwenyekiti akaandika, akapiga mstari chini ya alichoandika.

Muriuki akaturudisha nyumbani. Karibu na Doonside nikamwuliza Muriuki kama salamu za mlinzi wa mlango zilisikika hadi viti vya nyuma. Akasema zilisikika vizuri, mzee.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani wote wanamshika Cécile mkono. Mchungaji kamwita shujaa. Hakuna aliyekuja kwangu ila mtoto mmoja aliyeomba nisogeze kiti changu, kimeziba njia.

Mchana nikamwomba Cécile msamaha. Kwa dhati. Nilimwambia niliahidi swali moja nikashindwa, na kwamba naogopa shingo ile kuliko yeye. Akasema alijua naogopa, kwa sababu nikiogopa ndipo naongea zaidi. Kisha akaniwekea ugali.

Lakini usiku nimetafakari. Nani aliupasha moto ukumbi? Watu walikuwa wamekaa kama wako mahakamani. Mimi nikawachekesha, wakalegea, ndipo Cécile akasikilizwa. Bila salamu zangu asingesikilizwa vile. Sisemi kwa majivuno. Nimeandika tu ilivyokuwa.

Alhamisi, 21 Agosti

Simu ya hospitali ilikuja Jumatatu: kinu kimewashwa, dawa ipo, leo ndiyo siku. Tulifika kabla ya watu. Muuguzi akatoka na kisanduku kizito cha chuma, na ndani yake sindano. Nikafikiria maji yale ya bluu. Imetoka kule chini, nikasema, dawa hii hii, imepita mjini kwenye foleni ya magari ikikimbizana na saa, hadi mkononi kwa mke wangu. Muuguzi akasema ndivyo. Nikamwuliza kama sindano nayo inawaka bluu. Akasema hapana. Nikauliza kwa nini. Akamwomba Cécile amfuate.

Nikabaki na wagonjwa wengine kwenye sebule ya kungojea. Nyuso zote zimekunjamana. Nikaona siku kubwa kama hii isipite bila neno. Nikasimama. Kwanza kabisa nikawatambua wagonjwa wenzetu, kwa kuanzia na waliosafiri kutoka mbali. Bénie akahamia kwenye viti vya idara nyingine. Nikawashukuru madaktari, waliomo na waliotoka kula. Nilipofika kwa watu wa kinu, nikihisi sasa ndipo hotuba inakolea, Cécile alikuwa amesimama mlangoni na koti lake mkononi. Amekwisha dungwa, amekwisha ngojea, amekwisha pigwa picha. Akaniuliza kama twende au nimebakiza.

Nilikuwa nimebakiza, lakini tukaenda.

Jumatano, 27 Agosti

Majibu! Si kitu kibaya. Daktari alisema mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa namshika Cécile mkono na sikusikia. Tezi inafanya kazi kupita kiasi, atakunywa vidonge, uvimbe utapungua. Nililia pale ofisini. Cécile akanipa ile skafu nijifute. Hajaivaa tena.

Muriuki alikuja jioni na keki. Nikamkaribisha vizuri sana, nikamtambulisha kwa Bénie, kwa jirani yetu, na kwa jamaa aliyekuja kurekebisha bomba.

Kabla ya kulala Cécile akasema kitu kimoja kinamkera. Swali la kwanza limejibiwa, la pili halijajibiwa. Ule uchafu utabakia kwa nani? Kikao kijacho ni Penrith. Akaniuliza kama naweza kwenda kuliuliza, hilo tu, bila kuongeza kitu. Nikamwahidi. Nani anashindwa kuuliza swali moja?

Nimeshapiga simu. Mama wa simuni aliposikia sauti yangu akasema, Mister Wilondja. Ananikumbuka! Nimeomba dakika sita, nikamweleza kwamba tatu za kwanza ni za watu wote. Atauliza wakubwa zake.

Sasa niko mezani naandika hotuba. Safari hii nimepunguza sana. Mama wa chai nimemweka pamoja na mlinzi, kwenye sentensi moja. Niko ukurasa wa nne na nishamkaribia mwenyekiti. Swali la Cécile nimelipanga mwishoni kabisa, muda ukiruhusu.